Babu Yangu wa Vidole Kumi

Mlipoachana nami wiki iliyopita nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya duka la shemeji yangu la kutoa fotokopi, nasubiri watu nisiowajua waniambie mimi ni nani.

Kwa aliyekosa gazeti, nifupishe. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilimzika kwenye kiwanja cha babu yangu, makaburi ya zamani, walikolala watu wetu wote. Halafu wakubwa wakaona barabara ni nyembamba na maiti hawalalamiki, wakaamua kuipitisha pale pale. Makaburi yakapigwa namba kwa rangi nyekundu kama magunia ya ghalani. Mwenye uthibitisho kwamba ni damu ya mwenye kiwanja, mtu wake atahamishwa kwa heshima, na sanduku lake na jiwe lake. Asiye na uthibitisho, mtu wake anaingia shimo la pamoja. Mwisho wa kupokea karatasi ni Ijumaa.

Mke wangu ni namba sitini na moja.

Mimi ni fundi mizani. Shule nilifika darasa la nne. La tano nililionea dirishani. Nikaenda ofisi ya makaburi, kwa yule bwana ninayemwita Bwana Muhuri, nikiwa na vitu viwili: kadi ya kazi ya babu, ya machimbo ya mawe, na picha yake amesimama na nyundo. Bwana Muhuri akasema havitoshi. Anataka mti wa ukoo.

Ndipo shemeji, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu, akaniingiza kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafutiana mababu. Watu elfu tisa. Tukatuma picha ya kadi na picha ya babu. Hapo ndipo tulipoachana.

Jumatatu asubuhi shemeji akafungua simu, akapiga ukelele.

"Shemeji! Ujumbe mia mbili na kumi na nne!"

"Wa matusi?"

"Wa pongezi."

"Basi wamekosea mtu."

Hawakukosea. Katika kundi lile kuna mama mmoja wanayemwita Bibi Karatasi. Alitunza stoo ya mafaili miaka thelathini, akastaafu, lakini mafaili hayakumstaafu yeye. Alikuwa ametuma sauti. Shemeji akaifungulia mpaka mwisho, wateja nao wasikie.

"Mzee wangu fundi mizani, hujambo? Mwenye kadi nimempata. Yumo kwenye orodha ya machimbo. Baba yake mfua vyuma. Babu yake mrina asali. Nyumbani aliacha mke na binti mmoja. Mti huu hapa nimekuchorea. Hongera, una watu."

Mimi kwetu nilijua mwisho ni babu. Nyuma ya babu palikuwa na machimbo, na nyuma ya machimbo palikuwa na vumbi. Sasa naambiwa nina mfua vyuma. Nina mrina asali.

"Kumbe mzee alikuwa na mke mwingine," nikasema.

"Wanaume," shemeji akasema, kama mtu anayetaja aina ya ugonjwa.

Watu wakaendelea kumiminika. Mmoja nisiyemjua akaandika: "Karibu nyumbani, ndugu yetu." Macho yakaniwasha kidogo. Nikamwambia shemeji mashine yake inatoa unga wa wino.

Ikaingia sauti ya pili.

"Samahani mzee wangu, nina kaswali kadogo. Babu yako alikuwa na vidole vingapi?"

Shemeji akanitazama.

"Mwambie kumi," nikasema. "Kama watu."

Akaandika. Jibu likarudi kabla hajaiweka simu chini.

"Kadi inasema tisa."

Hilo mimi nalijua. Kwetu hakuna asiyelijua, ndiyo hadithi ya familia. Kwenye kadi, mahali pa alama, pameandikwa: kidole cha shahada, mkono wa kushoto, hakipo. Babu alikuwa akitukusanya watoto, anatuonyesha kidole chenyewe, anakichezesha. "Hiki hapa. Karani mlevi alikikata kwa kalamu." Tulicheka mpaka kulia. Baba yangu akairithi hadithi, akaniachia mimi. Nimeisimulia miaka arobaini, kwa kila mkaguzi wa mizani aliyewahi kunifungia kibanda. Hata Bwana Muhuri nilimpa wiki iliyopita, ajue kwamba wao uzembe hawakuanza leo.

Shemeji akamwandikia Bibi Karatasi habari za karani mlevi.

Bibi Karatasi hakubishana. Alituma picha. Mwanamume amesimama mbele ya mlango, kofia ameishikilia kifuani kwa mkono wa kushoto. Shemeji akaikuza mpaka ule mkono ukajaa kwenye kioo chote cha simu.

"Shemeji, hesabu."

Mimi ni mtu wa mizani, sihesabu mara moja. Nilihesabu mara tatu. Vinne.

Chini ya picha pameandikwa: "Picha hii iliwekwa humu miaka minne iliyopita na mkunga mmoja anayemtafuta babu yake. Jina ni lile lile la kwenye kadi. Babu huyo alikwenda machimboni, hakurudi tena kwao."

"Kwa hiyo babu yako..." shemeji akaanza.

"Usimalizie."

"...alikuwa na kadi ya mtu."

Akaingia mteja anataka nakala mbili za cheti cha ndoa. Tukamtolea. Akasema moja imefifia, tukamtolea nyingine. Alipotoka shemeji akaishika tena simu.

"Tuwaambie ukweli hawa watu," shemeji akasema.

"Tutawaambia. Ijumaa, baada ya muhuri."

"Njia ya mwongo fupi, shemeji."

"Hata ofisi yenyewe si mbali."

Akaniangalia kwa jicho la dada yake. Nikamweleza. Nikamwambia wakubwa wamenidanganya tangu nazaliwa: maji yanakuja kesho, barabara inakuja kesho, mkaguzi anakuja kesho, na kati ya hao watatu aliyekuja ni mkaguzi. Wakidanganywa wao siku moja, hawatakufa. Atakayetupwa shimoni ni mke wangu.

Shemeji akawasha mashine. Mti ukatoka, karatasi bado ina joto, mfua vyuma na mrina asali na mimi chini kabisa, naning'inia.

"Nafanya kwa ajili ya dada," akasema. "Wewe ungekuwa na shimo lako peke yako, ningekusindikiza."

Jumatano tukaenda ofisini. Pale pana benchi moja, kaunta moja, na feni inayozungusha shingo kama mtu anayekataa. Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa makamo, viatu vyeupe vya mpira, mkoba mapajani. Akaniamkia. Nikaitikia marahaba kama mtu mwema.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilikwenda na matusi matatu, mawili mapya.

Bwana Muhuri akaupokea mti, akausoma kwa kidole toka juu mpaka chini. Halafu akainuka, akanipa kiti chake.

"Kaa, mzee. Nimefurahi kweli. Siku ile ulipotoka hapa nilikosa raha. Nilikuwa nakuombea upate."

Jamani, mtu ukiwa umejiandaa kupigana, halafu adui anakupa kiti. Matusi yangu nilirudi nayo nyumbani mazima.

Akafungua kopo la wino. Akauchovya muhuri. Akauinua.

"Na bahati nzuri ndugu yako naye amefika," akasema. "Yupo hapa tangu tunafungua."

"Ndugu gani?"

"Si huyu uliyesalimiana naye."

Mama wa viatu vyeupe akasimama. Alikuwa mkunga, na alikuwa amesafiri siku nzima. Mti tuliochorewa sisi, watu elfu tisa waliuona, na yeye alikuwa mmoja wao.

"Nimekuja kuwaona ndugu zangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumwambia mtu sukuma. "Tuweke picha zetu pamoja basi."

Akaweka yake juu ya kaunta. Mimi yangu niliisahau mfukoni. Shemeji akanitolea.

Bwana Muhuri akainama na muhuri wake hewani. Akaangalia mkono wa kushoto wa picha yangu, ulioshika nyundo kwa vidole vyote. Akaangalia mkono wa kofia. Akaisoma kadi. Wino ukamdondokea kwenye mkono wa shati.

"Mzee, hii si ndiyo ile habari ya karani mlevi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Kumbe karani hakuwa mlevi."

"Inaonekana hivyo."

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukubaliana.

Akaurudisha muhuri kwenye kopo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akasema sheria ni moja: mwenye kiwanja ni aliye kwenye kadi, na damu ya aliye kwenye kadi ni huyu mama. Kinachohamishwa na kisichohamishwa, saini ni yake. Akampa fomu. Mimi akaniachia kiti.

Shemeji akamshika mkunga mkono.

"Dada, pale yupo dada yangu. Hakuwa anajua lolote. Aliolewa tu."

"Alikuwa mtu gani?"

Shemeji hakutegemea swali hilo. "Alikuwa anacheka kabla mzaha haujaisha," akasema. "Unamhadithia, unafika katikati, mwenzako ameshaanza. Mpaka unasahau ulikuwa unaelekea wapi."

Ni kweli. Mizaha yangu mingi haikuwahi kufika mwisho. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayelikumbuka hilo, kumbe na mwingine analikumbuka.

Mkunga akaitikia kwa kichwa. "Marehemu hana kosa. Nitasaini. Lakini na mimi nina langu. Mama yangu alikufa na miaka themanini na mbili. Mpaka wiki ya mwisho, hodi ikipigwa mlangoni, anajitengeneza kitambaa kichwani. Anadhani ni baba yake. Sitaki kujua nani alimwibia nani. Nionyesheni alipolala. Nikipaona, nasaini hapo hapo."

"Mimi sijui," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Nani anajua?"

Nikaangalia feni. Shemeji akajibu kwa niaba yangu.

"Shangazi yake."

Mimi na shangazi hatukuwa tumesemeshana miaka mitatu. Ni mtoto pekee wa babu aliyebaki, anakaribia tisini, anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Tulimkuta amekaa kitandani anashona vifungo kwenye shati la mpangaji mwenzake. Akatutazama mmoja mmoja, mimi akaniruka.

"Karibuni wageni. Na huyo naye akae."

Mkunga akampa picha. Shangazi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaiweka mapajani juu ya shati.

"Tisa," akasema.

"Nani, shangazi?"

"Tisa. Baba alimwita Tisa. Yeye alimwita baba Kumi. Walikuwa wanaitana hivyo toka chumba hiki mpaka chumba kile, machimbo mazima wanacheka. Mimi nilikuwa na miaka saba. Baba yako alikuwa mchanga, hakujua kitu mpaka anakufa." Akamgeukia mkunga. "Na wewe ni mtoto wa yule binti?"

"Ni mimi."

"Una paji la uso la Tisa."

Akatusimulia huku anashona, sindano hakuiweka. Babu yangu alifika machimboni orodha imefungwa, kadi hana, akawa anaishi kwa kubeba maji. Tisa alikuwa na kadi, ila vumbi lilimwingia kifuani, akalala. Na nyapara wa pale, mtu akikosa siku tatu anafutwa, na chumba ananyang'anywa. Siku ya tatu babu akachukua kadi ya Tisa, akaenda yeye.

"Nyapara hakuangalia vidole?" shemeji akauliza.

"Nyapara aliangalia mawe, mwanangu. Mawe yakitosha, hata ungekuwa na mkia."

Wiki sita babu akafanya kazi kwa jina la Tisa, jioni anamlisha kwa kijiko. Halafu Tisa akafa.

"Saa nne asubuhi," shangazi akasema. "Na saa nne hiyo hiyo kwenye kitabu cha nyapara alikuwa yupo kazini. Sasa utamzikaje mtu aliye kazini?"

Akavuta uzi mpaka mwisho.

"Wakamzika kimya, wanaume wanne, pembeni ya makaburi. Baba akabaki na jina. Na baadaye alipojiweza, akakinunua kile kiwanja, pale pale alipo mwenzake, akakiandikisha kwa jina la Tisa. Alisema, jina nimechukua, basi angalau alale kwake."

Mkunga alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba.

"Mbona hakutuambia?"

"Mngekuja kulia. Mkilia, kadi inachukuliwa, sisi tunalala nje. Mwaka wa kwanza alimwogopa nyapara. Mwaka wa pili akawaogopa nyinyi. Baada ya hapo nadhani alizoea."

"Hii ya karani mlevi je?" nikauliza.

"Watoto mliuliza maswali mengi. Akawapa jibu la kuchekesha. Wewe ndiye uliyelifanya dini."

Shemeji akakohoa. Naapa kile hakikuwa kikohozi.

"Bibi," mkunga akasema, "yuko sehemu gani ya kiwanja?"

"Kona ya kushoto, kwenye ukuta. Jiwe hatukuweka. Baba alisema jiwe linauliza maswali."

Msomaji, kona hiyo naijua.

Mke wangu alipofariki kiwanja kilikuwa kimejaa, isipokuwa kona ya kushoto, kwenye ukuta. Mlinzi wa makaburi akaniambia, "Mzee, hapa pana mtu. Kitabu hakisemi nani, ila pana mtu, tumeachiwa maneno na waliotutangulia." Nikamwambia vitabu vyao vimeanza kuisema vibaya familia yangu kabla yeye hajazaliwa, nikampa hadithi ya kidole. Mchimbaji naye akapiga jembe mara mbili, akasimama. "Mzee, udongo huu umeshawahi kufunguliwa." Nikampokonya jembe, nikachimba mwenyewe mpaka kiunoni. Shangazi alikuwa amefika mapema. Akanivuta shati, akasema acha, nitakueleza. Nikamwambia mbele za watu kwamba amenunuliwa na wakubwa.

Kwa mke wake mtu anakuwa mwehu. Ila nilipofika nyumbani sikuwa mwehu tena, na nilichomwambia shemeji, ambaye hakuwepo tulipochimba, nilikisema na akili zangu. Nilisema wale wa ofisini ndio walionitupia ile kona, kwa dharau, huko ukutani, kama vile mke wangu ni takataka. Shemeji aliwalaani nami. Aliwalaani miaka mitatu, kila tulipokwenda kufagia.

"Kona ya kushoto," mkunga akarudia. "Nimepita pale leo alfajiri, kabla ya kwenda ofisini. Kuna kaburi jipya pale. Lina jiwe."

Shangazi akakata uzi kwa meno. Akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Shemeji naye akageuka.

"Shemeji. Si ulisema wao ndio waliochagua pale?"

Nikaangalia kile chumba. Nilitafuta mkubwa. Mkaguzi, karani, nyapara, mtu yeyote mwenye kalamu. Palikuwa na kitanda, viti viwili vya plastiki, na wanawake watatu.

"Nilichagua mimi," nikasema. "Niliambiwa pana mtu. Nikachimba."

Kwenye duka la mbele mtu alikuwa anakata kioo. Tulisikia mkato wote, toka mwanzo mpaka kioo kilipoachana.

Shemeji akanipa mgongo. Ningependa angesema neno. Dada yake angesema.

Mkunga akafungua mkoba, akatoa fomu ya Bwana Muhuri, akaitandaza kitandani juu ya shati la watu. Akashuka nayo kwa kidole. Hamsini na tisa. Sitini. Kidole kikasimama.

"Sitini na moja ina mstari mmoja," akasema. "Imeandikwa juu hapa: kila namba jina moja, sanduku moja. Asiyeandikwa anahesabiwa hana mtu, anaingia shimo la pamoja."

Akatoa kalamu. Mimi ndiye mume, nikanyoosha mkono. Kalamu ikanipita mbele ya macho, ikaenda kwa shemeji.

"Chini ni babu yangu, juu ni dada yako," mkunga akamwambia. "Nimetafuta miaka ishirini, nikiandika mimi nitaandika wangu. Andika wewe. Utakachoandika nitakisaini."

Shemeji akaipokea. Akapiga magoti kwenye sakafu, akaukagua ule mstari kwa karibu, upana wake, kama anavyokagua karatasi dukani kabla hajaiingiza kwenye mashine. Akaivua kalamu kifuniko.

"Babu yako," akamwuliza mkunga bila kuinua kichwa, "jina lake ni refu?"